Nani Alipie Safari ya Habari Baina ya Mabara?

Mtu atiaye barua katika sanduku la posta hajiulizi sana ni nani atakayelipia safari yake. Stempu aliyoibandika ni ushahidi kwamba amekwisha kulipa, na yule atakayeipokea hatadaiwa kitu. Apigaye simu kwenda nchi ya mbali naye ajua kwamba dakika zake zinahesabiwa, na kwamba hesabu hiyo itamfikia yeye mwenyewe. Lakini mtu afunguaye ukurasa wa intaneti uliohifadhiwa katika kompyuta iliyoko Ulaya au Marekani, je, ni mtumaji au ni mpokeaji? Yeye ndiye aliyeomba, na wengine ndio waliotuma. Na njia inayovuka bahari kati ya nchi yake na nchi hizo, nani ailipie?

Kwa mtazamo wa haraka swali hili ni la wahasibu, kumbe ni la sayansi na la maendeleo pia. Jibu lake ndilo lililochangia, kwa miaka mingi, kuamua bei ya intaneti katika shule, hospitali na ofisi za Afrika Mashariki. Makala haya yanaeleza jinsi malipo hayo yalivyopangwa, sababu zilizofanya nchi maskini zilipie njia yote ya kwenda na kurudi, na hatua zilizochukuliwa ili kuupunguza mzigo huo.

Barua, telegramu na simu

Suala la kugawana gharama za mawasiliano kati ya mataifa si geni. Umoja wa Posta wa Ulimwengu ulipoanzishwa mjini Bern mwaka 1874, nchi wanachama zilikubaliana kwamba kila nchi ibaki na fedha za stempu inazouza. Hoja yao ilikuwa nyepesi: kila barua huzaa jibu, na kwa hiyo mizigo ya pande mbili itakaribia kulingana. Kwa kadiri miaka ilivyopita ilidhihirika kwamba mambo hayakuwa hivyo. Baadhi ya nchi zilituma magazeti, vitabu na vifurushi vingi mno, na nyingine zikabaki na kazi ya kuvigawa bila ujira. Ndipo mkutano wa umoja huo uliofanyika Tokyo mwaka 1969 ukaamua kwamba nchi inayotuma kuliko inavyopokea iilipe nchi nyingine kwa ajili ya ile ziada.

Telegramu zilifuata utaratibu mwingine. Mkongo wa telegrafu uliounganisha Unguja na dunia ulilazwa baharini mwaka 1879, kutoka Aden hadi Durban, ukipitia Unguja na Msumbiji. Mtumaji alilipa kwa kila neno, na fedha hizo ziligawanywa kati ya wale wote ambao njia zao zilipitisha ujumbe.

Simu nazo zilikuwa na kanuni yake. Nchi mbili zilipatana bei ya kila dakika, na nchi ambako simu ilianzia ikailipa nchi ambako simu iliishia sehemu ya bei hiyo, kwa kawaida nusu. Waya au njia ya setilaiti yenyewe ilihesabiwa kuwa na nusu mbili. Kila upande uligharimia nusu yake, kana kwamba mafundi wa nchi mbili wamekutana katikati ya bahari. Kwa kuwa watu wa nchi tajiri walipiga simu nyingi zaidi kuliko walizopigiwa, fedha zilielekea nchi maskini. Katikati ya miaka ya 1990 Marekani ilikuwa ikizilipa nchi nyingine jumla ya takriban dola bilioni 5 kila mwaka kwa njia hii. Serikali nyingi za Afrika zilitegemea mapato hayo, ijapokuwa si zote zilizoyatumia kueneza simu vijijini. Mwaka 1997 Marekani iliamua kuweka kikomo cha malipo hayo, baina ya senti 15 na senti 23 za dola kwa dakika, kulingana na kipato cha nchi inayolipwa.

Mara tatu, basi, mataifa yalikabiliwa na swali lilelile, na kila mara jibu lilitegemea jambo moja: uwezekano wa kuhesabu kilichotumwa na kumtambua aliyeanza.

Jinsi intaneti inavyotofautiana

Katika simu za zamani, watu wawili walipozungumza walitengewa njia yao peke yao kwa muda wote wa mazungumzo, hata pale waliponyamaza. Walifanana na mtu aliyekodi gari zima. Intaneti haifanyi hivyo. Ujumbe hukatwakatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, na kila pakiti huandikwa anwani ya itokako na anwani ya iendako. Mitambo iitwayo ruta husoma anwani hizo na kuisukuma kila pakiti kwenye njia ifaayo. Pakiti za watu maelfu husafiri pamoja katika njia moja, mithili ya abiria wa basi.

Utaratibu huu ni wa gharama nafuu, lakini unaivuruga hesabu ya zamani. Pakiti haina alama inayoonyesha ni nani aliyeanzisha mazungumzo. Mwanafunzi aliyeko Tabora akiomba picha iliyohifadhiwa Ulaya, ombi lake lina uzito wa baiti mia chache tu. Jibu laweza kuwa na baiti milioni kadhaa. Ukihesabu pakiti zilizopita utasema Ulaya ndiyo iliyotuma. Ukitazama nia utasema mwanafunzi ndiye aliyetaka. Kwa hiyo kanuni ya simu, kwamba nchi ya mwanzo iilipe nchi ya mwisho, haiwezi kutumika hapa bila kuzusha mabishano.

Badala yake, mitandao ya intaneti huungana kwa mapatano ya namna mbili. Namna ya kwanza ni mabadilishano. Mitandao miwili inayokaribiana kwa ukubwa huunganishwa, na kila mmoja huupa mwingine pakiti za wateja wake bila kudaiana. Namna ya pili ni upitishaji. Mtandao mdogo huulipa mtandao mkubwa ili pakiti zake zifikishwe kokote duniani. Katika upitishaji mlipaji hulipia uwezo wa njia, yaani idadi ya biti zinazoweza kupita kwa sekunde, pasipo kujali pakiti zinaelekea upande gani.

Ni mtandao upi utakaohesabiwa kuwa sawa na mwenzake, na ni upi utakaohesabiwa kuwa mteja? Hakuna sheria ya kimataifa inayolijibu swali hilo. Huamuliwa na nguvu ya kila upande katika mapatano. Yule ambaye wenziwe wanamhitaji kuliko anavyowahitaji yeye, huyo ndiye huweka masharti. Wahenga walikwisha kusema: mnyonge hana haki.

Njia nzima kwa mlipaji mmoja

Intaneti ilizaliwa Marekani, na hadi miaka ya 1990 sehemu kubwa ya kompyuta zilizohifadhi habari ilikuwa huko. Aliyetaka kuungana na intaneti hakuwa na budi kuifuata ilipo. Kampuni za nchi nyingine zilikodi njia nzima hadi Marekani, nusu zote mbili, kisha zikalipia na upitishaji. Haya hayakuzipata nchi maskini pekee. Kampuni ya Telstra ya Australia ililalamika kwamba ilibeba gharama yote ya njia zilizotumiwa pia na Wamarekani waliotaka kusoma habari zilizoko Australia.

Lakini Australia ilikuwa na wateja wenye kipato kikubwa na mikongo ya baharini. Afrika Mashariki ilikuwa na setilaiti, na njia ndogo ya megabiti moja kwa sekunde iligharimu maelfu ya dola kwa mwezi. Mwaka 2002 chama cha AfrISPA, kilichoviunganisha vyama vya watoa huduma za intaneti barani Afrika, kilitoa hoja iliyoitwa Pendekezo la Nusu ya Njia. Kilieleza kwamba mtu aliyeko Kenya akimwandikia barua pepe mtu aliyeko Marekani, kampuni ya Kenya ndiyo inayolipia njia ya kuvuka bahari. Na Mmarekani akimjibu, ni kampuni ileile ya Kenya inayolipia tena. Gharama hiyo mwishowe humwangukia mteja wa Kenya, ambaye kipato chake ni sehemu ndogo tu ya kipato cha mwenzake. Wenye hoja hiyo walikadiria kwamba Afrika ilikuwa ikizifadhili nchi tajiri kwa kiasi kilichofikia dola milioni 500 kwa mwaka. Walitaka kurejea kwa kanuni ya zamani ya simu: kila upande ufike katikati.

Hoja za pande mbili

Madai hayo yalikwisha kufikishwa katika Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu. Mwezi Oktoba 2000, katika mkutano uliofanyika Montréal, shirika hilo lilipitisha pendekezo namba D.50. Pendekezo hilo lilizitaka pande zinazoungana kimataifa zipatane kibiashara, zikizingatia uwezekano wa kufidiana kwa mambo kama vile wingi wa pakiti zinazopita, idadi ya njia, eneo linalofikiwa na gharama ya kuvuka bahari. Marekani haikukubali kufungwa nalo. Aidha, mapendekezo ya namna hiyo hayana nguvu ya sheria. Hutekelezwa na yule apendaye.

Waliopinga malipo ya lazima walikuwa na hoja zinazostahili kusikilizwa. Walisema kwamba gharama husababishwa na anayeomba, na kwamba Waafrika waliomba habari za Marekani kwa wingi kuliko Wamarekani walivyoomba za Afrika. Walisema tena kwamba sehemu kubwa ya bei iliyomuumiza mteja haikutoka ng'ambo. Ilitokana na mashirika ya simu ya nchini, yaliyopewa haki ya kuwa pekee na kutoza yalivyotaka. Na zaidi ya hayo, nchi zisizo na ushindani wala mikongo zisingepata nafuu hata kama fidia ingelipwa, kwani fidia ingeishia katika mashirika hayo hayo.

Waliodai malipo nao walijibu kwamba thamani ya mtandao hukua kwa kila anayeungana nao. Mkenya anapoingia katika intaneti, Mmarekani mwenye bidhaa, chuo au gazeti amepata msomaji mpya. Faida ikiwa ya wawili, si haki gharama iwe ya mmoja. Na kusema kwamba soko limeamua si kusema kwamba soko limetenda haki, ikiwa upande mmoja hauna pa kwenda.

Ukweli ulikuwamo katika kauli zote mbili. Bei ilikuwa na visababishi viwili: udhaifu katika mapatano ya nje, na vikwazo vya ndani. Cha kwanza hakikuweza kuondolewa kwa maombi. Cha pili kiliweza kushughulikiwa nyumbani.

Kutoka Nairobi hadi Nairobi

Ubaya wa vikwazo vya ndani waweza kuonyeshwa kwa hesabu. Chukua ofisi mbili za mjini Nairobi katika mwaka 1999, kila moja ikihudumiwa na kampuni yake ya intaneti. Kampuni hizo hazikuunganishwa moja kwa moja. Kila moja ilikuwa na njia yake ya setilaiti hadi ng'ambo. Barua pepe ya ofisi ya kwanza ilipanda hadi kwenye setilaiti, iliyo umbali wa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, ikateremka ng'ambo, ikahamishiwa mtandao wa kampuni ya pili, ikapanda tena na kuteremka Nairobi. Safari hiyo ina vipande vinne vya kilomita 36,000, yaani kilomita 144,000. Mawimbi ya redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde; kwa hiyo pakiti ilihitaji karibu nusu sekunde kufika, na swali pamoja na jibu lake vilichukua karibu sekunde nzima, mbali na ucheleweshaji wa mitambo. Umbali wa kweli kati ya ofisi hizo huenda ulikuwa kilomita mbili.

Wakenya wawili, basi, walilipia bahari mara mbili ili wazungumze wao kwa wao. Hapa hapakuwa na tajiri wa kudaiwa nusu. Dawa yake ilikuwa ni kujenga makutano, yaani mahali pamoja ambapo kila kampuni huleta waya wake na kubadilishana na wenzake pakiti za ndani. Mtambo wenyewe si mkubwa. Waweza kuwekwa katika chumba kimoja.

Kituo cha namna hiyo, KIXP, kilifunguliwa Nairobi mwezi Novemba 2000. Wiki mbili hivi baadaye kilifungwa kwa amri ya tume ya mawasiliano ya Kenya, baada ya shirika la Telkom Kenya kudai kwamba kinavunja haki yake ya kuwa mpitishaji pekee wa mawasiliano ya kimataifa. Watoa huduma walipinga, wakieleza kwamba kituo hakipitishi kitu ng'ambo. Kazi yake ni kuzuia vya ndani visitoke nje. Baada ya mabishano marefu kilipata kibali, na mwezi Februari 2002 kikaanza kazi tena. Uganda ilifungua kituo chake mwaka 2001, na Tanzania na Rwanda mwaka 2004.

Matokeo yake yamepimwa. Uchunguzi uliotolewa na Internet Society mwaka 2012 ulionyesha kwamba kituo cha Nairobi kilipunguza ucheleweshaji wa pakiti za ndani kutoka elfu za sekunde 200 hadi 600, hadi kufikia elfu 2 hadi 10 tu, na kuokoa takriban dola milioni 1.5 kwa mwaka. Uchunguzi wa pili wa mwaka 2020 ulikuta kwamba kiwango cha juu cha pakiti kituoni kimekua kutoka gigabiti 1 hadi 19 kwa sekunde, na akiba imefikia dola milioni 6 kwa mwaka. Sehemu ya mawasiliano inayopatikana ndani ya Kenya ilikuwa imepanda kutoka asilimia 30 hadi asilimia 70. Kampuni kubwa za ng'ambo zilipoona kwamba kuna mahali pamoja pa kuwafikia wateja wengi, zilileta zenyewe nakala za habari zinazopendwa na kuziweka karibu. Bahari huvukwa mara moja, na nakala hiyo husomwa na maelfu. Hivyo gharama ambayo wasambazaji hao hawakulazimishwa kuichangia kwa mkataba, walianza kuichangia kwa hiari, kwa sababu iliwafaa.

Mikongo yafika pwani

Hatua iliyofuata ilikuwa kuifupisha njia ya nje na kuipunguzia bei. Mwezi Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulianza kazi, ukiziunganisha Afrika Kusini, Msumbiji, Tanzania na Kenya na Ulaya na Bara Hindi. Mwaka huohuo ulikamilika mkongo wa TEAMS, kutoka Mombasa hadi Fujairah katika Falme za Kiarabu, ambao serikali ya Kenya na kampuni za simu zilishirikiana kuumiliki. Mwaka 2010 ukafuata mkongo wa EASSy, wenye urefu wa kilomita 10,000 hivi, kutoka Afrika Kusini hadi Sudan. Katika nyuzi za kioo mwanga husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Njia ya kilomita 10,000 humalizwa kwa elfu 50 za sekunde. Setilaiti ya juu ya ikweta haiwezi kushindana na kasi hiyo, wala na uwezo wa mkongo wa kubeba biti.

Umiliki nao ulibadilisha mizani. Mwenye hisa katika mkongo si mpangaji tena. Anaweza kuupeleka hadi mahali ambapo mitandao mingi hukutana, akachagua wa kuungana naye, na kuwashindanisha wauzaji wa upitishaji. Anayeweza kuchagua hawi mnyonge kama yule wa jana.

Hata hivyo nchi zisizo na pwani zingali na safari mbili. Pakiti ya Kampala, Kigali au Bujumbura hupita kwanza nchi kavu hadi Mombasa au Dar es Salaam, na bei ya kipande hicho hupangwa na majirani. Swali la nusu ya njia ambalo Nairobi iliiuliza Marekani, Kampala yaweza kuiuliza Nairobi.

Swali lageuka

Katika miaka ya karibuni swali lilelile limeulizwa na matajiri wenyewe. Kampuni za simu za Ulaya zilipendekeza katika mkutano wa Dubai wa mwaka 2012 kwamba mtandao unaotuma pakiti ulipe. Pendekezo hilo halikuingizwa katika mkataba. Walilirejesha kwa sura nyingine mwaka 2022, wakitaka wasambazaji wakubwa wa picha za video wachangie gharama za mitandao. Chombo cha wasimamizi wa mawasiliano wa Ulaya, BEREC, kilijibu mwezi Oktoba mwaka huo kwamba hakikuona ushahidi wa kutosha wa kuhalalisha malipo hayo.

Korea ya Kusini ilikwenda mbali zaidi. Tangu mwaka 2016 kanuni zake zimezitaka kampuni kubwa za mtandao zilipane kwa kufuata wingi wa pakiti zinazotumwa. Kampuni za SK Broadband na Netflix zilishtakiana juu ya malipo hayo kuanzia mwaka 2020 hadi zilipopatana mwaka 2023. Msambazaji mwingine wa video, Twitch, aliacha kazi zake nchini humo mwezi Februari 2024, akisema kwamba ada za mtandao huko zilikuwa mara kumi zaidi kuliko katika nchi nyingi nyingine. Mfano huu una funzo kwa Afrika: mtumaji akilazimishwa kulipa, aweza kulipa, lakini pia aweza kuacha kutuma, na soko dogo ndilo la kwanza kuachwa.

Hitimisho

Historia ya posta, simu na intaneti yaonyesha kwamba gharama haimfuati anayefaidika. Humfuata asiye na njia nyingine. Kwa sababu hiyo jibu la swali la nani alipe halikupatikana kamwe katika kanuni moja ya haki inayokubaliwa na wote. Nchi za Afrika Mashariki zilipunguziwa mzigo zilipojenga makutano ya ndani, zilipoondoa haki za upekee, na zilipopata sehemu katika mikongo. Kazi iliyobaki ni ya kuzalisha na kuhifadhi karibu vile vinavyosomwa: vitabu vya kiada, kumbukumbu, michezo ya kuigiza na matokeo ya utafiti. Kila kinachohifadhiwa nyumbani hakidaiwi nauli ya bahari.

Jaribio kwa darasa

Kwa kompyuta iliyounganishwa na intaneti, wanafunzi watumie amri iitwayo ping ili kupima muda ambao pakiti hutumia kwenda na kurudi kutoka tovuti tano tofauti: chuo kikuu cha nchini, gazeti la nchini, wizara, gazeti la Ulaya na chuo kikuu cha Marekani. Muda huo, kwa sekunde, uzidishwe kwa 200,000 na kugawanywa kwa 2. Jawabu ni umbali, kwa kilomita, ambao kompyuta iliyojibu haiwezi kuuzidi. Ikijibu kwa elfu 5 za sekunde, haiko mbali zaidi ya kilomita 500. Gazeti la nchini likijibu kwa elfu 150, hapana budi darasa lijiulize: je, limehifadhiwa ng'ambo, na kama ndivyo, ni nani anayelipia safari hiyo kila wananchi wanapolisoma?